Mombasa: Mambo ya Kutazamwa na ya Kuzingatiwa

Wazee wa jumuiya yetu waliponitaka niandike maneno machache katika kitabu hiki cha ukumbusho, waliniambia niandike habari za mji niliozaliwa, yaani Mombasa, na za vitu ambavyo wageni wa pande zote za dunia huvifuata kwenda kuvitazama. Sababu waliyoitoa ni njema. Tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, watu wa Juba wanaokwenda Mombasa si wachache: mmoja huenda kutoa shehena yake bandarini Kilindini, mwingine humpeleka mwanawe shuleni, na mwingine humfuata ndugu aliyetangulia. Lakini wengi wao hufika, wakamaliza haja zao, wakarudi, wala hawakuona ila makontena na vumbi la barabara. Nimeona ni hasara mtu kusafiri masafa yale, kisha arudi bila ya kitu cha kuwasimulia watoto.

Huenda mtu akauliza: Juba na bahari, wapi na wapi? Mji wetu uko ukingoni mwa mto Naili, nayo pwani iko mbali, mwendo wa siku nyingi kwa lori kupitia Nimule, kisha Uganda, kisha bara lote la Kenya. Hayo ni kweli. Lakini magari tuyapandayo, mchele tuupikao na nguo tuzivaazo, vingi katika hivyo hushushwa Mombasa kwanza ndipo vikafika kwetu. Tena Kiswahili chenyewe hakikuja hapa jana. Mwezi wa Februari 1863 Mwingereza John Hanning Speke alifika Gondokoro, ng'ambo ya mto huu, naye alikuwa ametoka Unguja mwaka 1860, akapita Unyanyembe, Karagwe na Buganda. Pamoja naye walikuwako watu wa pwani walioishika safari ile tangu mwanzo mpaka mwisho, na mkuu wao mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Basi maneno ya Kiswahili yalikwisha kusemwa kwenye ukingo huu kabla mji wa Juba wenyewe haujajengwa.

Na huyo Sidi Mubarak alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekamatwa udogoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akaishi huko katika utumwa mpaka bwana wake alipokufa naye akawa huru. Naomba msomaji aliweke jina hili akilini, kwa kuwa tutarudi kwenye jambo lake.

Nilipoanza kuandika makala haya, niliwasomea vijana sehemu ya kwanza jioni moja baada ya darasa. Niliwasifia ngome, misikiti na fukwe. Walisikiliza kwa adabu. Nilipokwisha, kijana mmoja wa hapa hapa Juba akaniuliza: "Shekhe, umetueleza mahali walipokaa wafalme na mahali waliposwali watu. Je, mahali walipofungwa watu wa bara kabla ya kuuzwa, hapo nako wageni huonyeshwa, au huruka?" Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia kuwa swali lake ni la haki, nikayachukua makaratasi yangu nyumbani, nikaanza upya. Haya mnayoyasoma ndiyo yaliyotoka katika kuanza upya huko.

Mombasa, ambayo jina lake la kale ni Mvita, ni kisiwa kilichozungukwa na hori mbili za bahari. Upande wa mashariki ndiko iliko bandari ya kale ya majahazi, na upande wa magharibi ndiko iliko Kilindini, bandari ya meli kubwa. Mtu wa kwanza mashuhuri aliyetuachia maandishi ya yale aliyoyaona kwa macho yake kisiwani ni msafiri wa Maghribi, Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 wa Miladi. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Lakini katika usiku huo mmoja aliona mengi: kwamba watu wa mji ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ufundi mzuri, kwamba kila mlango wa msikiti una kisima cha kutawadhia, na kwamba watu huosha miguu kabla ya kuingia. Akataja pia ndizi, malimau na samaki, na tunda tamu lenye kokwa mfano wa zeituni, ambalo sisi twadhani ni zambarau. Na akasema kuwa nafaka huletwa kisiwani kutoka bara. Maneno haya mafupi yanatosha kuonyesha kuwa mji wetu haukuwahi kuishi peke yake hata siku moja. Tangu zamani ulikula kwa mkono wa watu wa bara.

Mgeni akitaka kuanza matembezi, na aanzie Mji wa Kale. Aingie asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, atembee kwa miguu, kwa kuwa vichochoro vile havikukatwa kwa ajili ya magari. Ataona milango ya nakshi na roshani za mbao zinazotazama njia, na baraza za mawe walipokaa wazee kuzungumza. Ataona Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe uliochongoka, ambao husemwa kuwa asili yake ni mwaka 1570. Huo si jengo la makumbusho. Ni msikiti wenye kuswaliwa vipindi vitano, na asiyekuja kuswali hupaswa kuomba ruhusa, kuvaa mavazi ya heshima na kutopiga picha za watu bila ya ridhaa yao. Kisha ateremke mpaka bandari ya kale. Hapo ndipo walipokuwa wakitia nanga manahodha wa Omani, wa Ghuba na wa Bara Hindi, waliokuja na pepo za kaskazi na kurudi na pepo za kusi. Walileta tende, mazulia na vyombo vya udongo, wakachukua boriti za mikoko na pembe za ndovu. Na walichukua watu pia.

Katika mji huo huo aliishi mshairi Muyaka bin Haji, zama za watawala wa Kimazrui, naye ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akaupeleka sokoni na barazani, akaufanya ulimi wa siasa na wa mambo ya kila siku. Mwenye kupenda lugha, akipita katika vichochoro vile, na amkumbuke.

Ukitoka Mji wa Kale kwa hatua chache unakutana na Ngome, ambayo Wareno waliiita Fort Jesus. Hakuna mgeni aendaye Mombasa asiyeiona, wala hakuna jengo pwani yote lililosimuliwa kwa upande mmoja zaidi ya hili. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, naye hakupokewa kwa urafiki, akaendelea hadi Malindi. Mwaka 1505 Wareno walirudi na kundi la merikebu, chini ya Francisco de Almeida, wakauteka mji, wakaupora na kuuchoma. Waliuteka tena mwaka 1528, na tena mwaka 1589. Hata mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari, na mchoraji wa ramani yake alikuwa Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali.

Wako wanaosema kuwa kisa cha Ngome ni vita vya Wareno na Waislamu, basi. Lakini mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mfalme Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, alichukuliwa angali mtoto akapelekwa Goa, akalelewa huko katika Ukristo, akaitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kuwa mfalme Mombasa. Mwaka 1631 aliingia Ngomeni, akamuua jemadari wa Kireno, akaitwaa Ngome, akatangaza Uislamu wake. Hayo husimuliwa kwa fahari. Lisilosimuliwa sana ni kuwa pamoja na Wareno waliuawa pia wenyeji wa pwani, wanaume kwa wanawake, kwa sababu walikuwa wamebatizwa. Kadhalika, katika mazingiwa makuu yaliyoanza Machi 1696 na kwisha Disemba 1698, ambapo majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yaliizingira Ngome kwa miezi 33, waliokuwamo ndani hawakuwa Wareno peke yao. Wareno walipokwisha kufa kwa maradhi, walioendelea kuilinda Ngome kwa muda ni Waswahili, na kiongozi wao alikuwa Bwana Dau wa Faza, Mwislamu. Mgeni atakapoviona ndani ya makumbusho vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi tangu mwaka 1977, na akumbuke kuwa merikebu ile ilikuja kuwaokoa wote hao.

Baada ya Wareno, Ngome ilikaliwa na maliwali wa Omani, na wakubwa wao walikuwa Wamazrui, mpaka mwaka 1837 Seyyid Said alipowaondoa. Tangu mwaka 1895 Waingereza waliifanya gereza, ikabaki gereza mpaka mwaka 1958. Mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Jengo moja limekuwa ngome ya mgeni, kasri ya liwali, gereza la mkoloni, na sasa ni mahali pa wanafunzi kujifunza. Kuta ni zile zile za matumbawe na chokaa. Walio na funguo ndio waliobadilika.

Ukiiacha Ngome ukaenda katikati ya mji, utaona juu ya barabara kuu pembe nne kubwa za ndovu zilizopindana, na magari yanapita chini yake. Picha zake ziko katika kila kadi ya posta. Ziliwekwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza, kisha zikatengenezwa upya mwaka 1956 kwa ziara ya nduguye Margaret. Si pembe za kweli, ni alumini. Watu hupiga picha zao, wakacheka, wakaenda zao.

Lakini sisi wa Juba hatuna ruhusa ya kupita chini ya pembe zile kwa kicheko tu. Pembe za kweli zilitoka wapi? Za Mombasa zilitoka bara kwa misafara ya Wakamba na Waswahili. Na nyingine, zilizokwenda upande wa kaskazini, zilitoka hapa. Safari za Salim Qapudan, ofisa wa Muhammad Ali wa Misri, ziliifungua njia ya mto hadi nchi ya Wabari kati ya mwaka 1839 na 1842. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara, Wazungu na Waturuki, Wamisri na watu wa Khartoum, wakitafuta pembe. Wakajenga maboma yao yaitwayo zariba, wakaweka askari wenye bunduki, wakapora ng'ombe wa kabila hili ili kununulia pembe za kabila lile. Kisha wakaona kuwa mtu naye huuzwa. Gondokoro, ambapo Speke na watu wake wa pwani walikutana na Samuel Baker mwaka 1863, palikuwa soko la pembe na la watu. Baker mwenyewe alirudi kwa amri ya Khedive Ismail wa Misri ili kuizuia biashara ile, akapandisha bendera hapo mwaka 1871 na kupaita Ismailia.

Basi msomaji ameona: pembe ni moja, nazo njia zilikuwa mbili. Moja ilishuka na Naili kwenda Khartoum, na nyingine ilishuka na miguu ya wachukuzi kwenda pwani. Na mtu aliyekamatwa alikuwa yatima yule yule, aende kaskazini au mashariki.

Sasa tuvuke daraja la Nyali tuelekee kaskazini. Penye njia panda iitwayo Kengeleni pana kengele. Watu hupanda magari hapo kila siku wakilitaja jina la Kengeleni bila ya kujiuliza ni kengele gani. Mwaka 1874 na 1875 wamisionari wa Kiingereza waliweka hapo kijiji cha watumwa waliookolewa baharini kutoka katika majahazi, wakakiita Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere. Miongoni mwa waliofundisha na kufanya kazi kijijini hapo walikuwamo Waafrika waliokombolewa zamani na kulelewa Bara Hindi. Kengele ilikuwa ya kuwahadharisha watu wakimbie au wajikusanye pindi wakiona hatari ya kukamatwa tena. Mimi ni Mwislamu, na kijiji kile kilikuwa cha Wakristo. Lakini mtu aliyeikimbilia kengele ile alikuwa mwanadamu aliyekuwa akiitafuta amani, na sisi tuliokuwa kisiwani tukisikia sauti yake tulijua, au ilitupasa kujua, kuwa ilikuwa ikilia kwa sababu ya nani.

Mbele kidogo, huko Bamburi, kuna jambo la kufurahisha nafsi. Kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe mpaka ardhi ikabaki jangwa jeupe lisiloota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti pale, na mti uliostahimili ulikuwa mvinje. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, basi akaleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Baada ya miaka, shimo likawa msitu wenye vidimbwi, twiga na ndege. Ndipo hapo alipoletwa kiboko mdogo aliyepotewa na wenziwe katika gharika ya bahari ya Disemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa mzee, na habari zao zikaenea dunia nzima. Kiboko aliitwa Owen, naye kobe aliitwa Mzee. Watoto wetu wa Juba, ambao viboko wa Naili si wageni kwao, watakipenda kisa hiki. Na mtu mzima atajifunza kuwa ardhi iliyoharibiwa na mkono wa mtu yaweza kutengenezwa na mkono wa mtu, ila kwa subira.

Ukipita Mtwapa, kama kilomita 15 kaskazini ya kisiwa, kuna magofu yaitwayo Jumba la Mtwana, ya karne ya kumi na nne na ya kumi na tano. Yako kando ya bahari chini ya mibuyu, na misikiti yake ni minne. Mmoja uko karibu mno na maji hata sauti ya wimbi husikika penye mihirabu. Jina la mahali lina maana ya nyumba kubwa ya mtumwa mwanamume. Waliojenga hawakutuachia jina la mji wao. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni la mtwana. Nami kila nikisimama pale huona katika jambo hilo mazingatio makubwa kuliko katika mawe yenyewe.

Magofu makubwa zaidi ni ya Gedi, karibu na Watamu, kabla ya kufika Malindi. Mji ule ulikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, una msikiti wa Ijumaa, kasri, visima virefu na nyumba zenye vyoo na mahali pa kuogea. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Mchunguzi James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, akapata vyombo vya kauri vya Kichina na vitu vingine vya biashara ya mbali. Mji ulihamwa karne ya kumi na saba ilipokuwa ingali changa, ukamezwa na msitu, na wanachuoni wametaja sababu nyingi: vita, wahamaji, kukauka kwa visima. Mwaka 2024 nao uliandikwa katika urithi wa dunia. Ukifika Malindi utaona msalaba wa jiwe wa Vasco da Gama juu ya mwamba. Sisi tulikuwa tukifundishwa kuwa aliyemwongoza Mreno yule mpaka Bara Hindi ni baharia mashuhuri Ahmad bin Majid. Lakini Wareno wenyewe waliandika kuwa rubani wao alikuwa Mgujarati, na wataalamu wengi leo wanaikataa habari ile ya Ibn Majid. Naitaja ili ijulikane kuwa kusema kweli mara nyingine hutuondolea lawama, kama vile mara nyingine hututwika.

Na sasa upande wa kusini. Hapo mtu huvuka kwa feri ya Likoni, na mwenye miguu halipi kitu. Atapita Diani yenye mchanga mweupe na mahoteli, ambako uko Msikiti wa kale wa Kongo katikati ya mibuyu, mahali mto unapoingia baharini. Akiendelea mpaka karibu na mpaka wa Tanzania, atafika Shimoni. Watalii wengi huja hapa kwa ajili ya bahari: huchukua mashua kwenda Kisite kutazama matumbawe, samaki wa rangi na pomboo, katika hifadhi iliyowekwa tangu mwaka 1973. Ng'ambo iko Wasini, kisiwa cha Waislamu kisicho na magari, ambapo wanawake wa kijiji wametengeneza njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale na mikoko, na ada wanayopokea kwa wageni huitumia kwa manufaa yao. Hilo ni jambo la kuigwa.

Lakini Shimoni imepewa jina lake na shimo, yaani pango la matumbawe linaloingia chini ya ardhi na kutokea karibu na bahari. Wenyeji husimulia kuwa watumwa waliotolewa bara walifungwa humo wakingoja majahazi. Wenyeji ndio wanaolitunza, na ni wao wanaowaongoza wageni. Ndani mna giza, popo, na maji yanayodondoka kutoka juu. Kijana aliyeniuliza swali Juba, jibu lake ni hili: naam, huonyeshwa. Wanaoonyesha ni Waislamu wa kijiji kile, wajukuu wa wafungwa na wajukuu wa wafungaji pamoja, wala hawaruki.

Aliyeruka ni mimi. Nilipokuwa kijana Mji wa Kale, nilikuwa nikijipatia senti chache kwa kuwatembeza wageni. Niliwaonyesha mizinga, milango na minara. Siku moja mgeni aliniuliza habari za utumwa, nikamjibu kuwa hayo yalikuwa mambo ya Unguja, si ya kwetu. Nilisema uongo. Mashamba ya nafaka ya Malindi katika karne ya kumi na tisa yalilimwa na watumwa. Mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza ya kufunga masoko ya watumwa yalitiwa sahihi mwaka 1873. Na hukumu ya utumwa pwani ya Kenya haikuondolewa mpaka mwaka 1907. Tena uongo ule haukuwa wa historia peke yake. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na bibi yake aliyeletwa pwani angali mtoto, kutoka nchi ya Nyasa. Nyumbani kwetu jina la nchi ile halikutajwa. Ukiuliza, uliambiwa sisi ni watu wa Mvita, basi. Nilikuja kuyajua haya nikiwa mtu mzima, kwa shangazi yangu, naye aliniambia kwa sauti ya chini na mlango umefungwa.

Waswahili tuna methali isemayo: mwacha asili ni mtumwa. Sisi tuliiacha asili yetu kwa kuliogopa neno hilo hilo la mtumwa. Nani basi alistahili aibu, yule mtoto aliyekamatwa au wale waliomnunua? Sheria yetu haina shaka katika jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, amepokea kwa Mola wake kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akaila thamani yake. Watoto wa Kinyasa, wa Kiyao na wa Kibari walizaliwa huru. Waliowakamata wako waliojiita Waislamu, na wako Wakristo walionunua pembe huko huko Gondokoro. Dini haikuwa sababu ya maovu yale, lakini wala haikuwazuia walioamua kutoisikiliza. Tukiyasema haya hatuichafui dini yetu. Tunaitakasa na waliolitumia jina lake.

Ndugu zangu, narudi Juba. Mtu akisimama ukingoni mwa Naili jioni, anaiona ng'ambo ya Gondokoro. Kusini yake uko mlima wa Rejaf, ambapo mwaka 1897 jeshi la Wabelgiji na la Mahdi yalipigana. Miji mingine ingelikuwa na mahali kama hapo ingeliwapeleka watoto wake na kuwasimulia. Sisi twapita tukienda kuvua samaki na kununua mboga. Si lazima tungoje fedha za kujenga makumbusho. Walimu wa madrasa zetu na wa shule zetu wawachukue watoto siku moja, wavuke nao mto, wawaambie: hapa ndipo walipokutana watu wa mto na watu wa bahari, hapa ziliuzwa pembe, na hapa waliuzwa watu, na katika watu wa pwani waliofika hapa mwaka 1863 alikuwamo mtu aliyekuwa mtumwa, naye alifika akiwa huru, akiwaongoza wengine. Na wazee wenye habari za babu zao wazikalishe kalamuni kabla hawajaondoka.

Na atakayejaliwa kwenda Mombasa, aitazame Ngome, aswali Mandhry, apande feri, ale viazi karai kando ya bahari ya Mama Ngina chini ya mibuyu, awafurahishe watoto kwa kobe na viboko. Hayo yote ni halali yake na ni neema. Lakini asirudi kabla ya kusimama kidogo Kengeleni, na kama nafasi yamruhusu, ashuke Shimoni. Akitoka katika giza lile na kuiona bahari, amwombee dua kila aliyepitishwa pale, ajue au asijue jina lake. Mimi humwombea mmoja ambaye jina lake silijui, naye ni wa damu yangu.

Wasalaam.